Mugo, Mumbi na Ujasiri wa Kujisema

Riwaya nyingi za ukombozi humtafuta shujaa wake msituni, au mbele ya mtutu wa bunduki. Ngugi wa Thiong'o alimtafuta mahali pengine. Katika A Grain of Wheat, kitendo cha ujasiri kuliko vyote kinatendeka mchana kweupe, siku ya sherehe, mbele ya umati uliokuja kushangilia. Anayekitenda hana silaha, hakuna anayemshuku, na hakuna anayemlazimisha. Anasimama na kutamka kwamba ni yeye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji ambaye watu wote hao wamekusanyika kumkumbuka. Dakika chache kabla, kijiji kizima kilikuwa tayari kumfanya kiongozi. Dakika chache baadaye, ni mtu anayesubiri hukumu.

Tukio hilo hukumbukwa na kila aliyekisoma kitabu. Swali ambalo halipewi nafasi ya kutosha ni hili: nguvu ya kusema aliipata wapi? Mtu huyo, Mugo, amekaa na siri yake miaka mingi. Kambi ya kizuizini haikuitoa kinywani mwake, wala mateso, wala sifa alizomiminiwa. Kilichoitoa ni nini?

Jibu ninalolipata katika riwaya hii ni kwamba ujasiri wa kimaadili haukuanzia kwa Mugo. Ulianzia kwa mwanamke aliyemfungulia moyo wake kwanza. Mugo alimsaliti mwenzake siku alipoamua kwamba maumivu ya watu wengine hayamhusu. Alipata ujasiri kila mara maumivu hayo yalipomwingia mwilini. Ukiufuata uzi huo kutoka ukurasa hadi ukurasa, utaona kwamba huruma katika kitabu hiki ndiyo injini inayoendesha matukio, na pale inapozimika, mtu hufa.

Nchi iliyokuwa na siri

Kitabu kilichapishwa mwaka 1967 na Heinemann. Ngugi alikiandika alipokuwa masomoni Leeds, Uingereza, baada ya kuhitimu Makerere. Simulizi yake inabanwa katika siku chache za kuelekea Uhuru wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1963, kijijini Thabai, lakini kila mhusika anarudi nyuma katika kumbukumbu, na kumbukumbu hizo ni za miaka ya Hali ya Hatari.

Hali hiyo ilitangazwa na serikali ya kikoloni mwezi Oktoba 1952 ili kulizima vuguvugu la Mau Mau. Maelfu ya watu walitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Kuanzia mwaka 1954, Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Wapo wenyeji walioshika silaha upande wa serikali, wakaitwa Homugadi. Wapo waliokula kiapo cha Mau Mau, wapo waliokikiri, na wapo waliowataja wenzao. Hapakuwa na nyumba ambayo mambo hayo hayakuigusa, na mara nyingi yote yalikutana chini ya paa moja.

Ngugi aliyaishi. Alizaliwa mwaka 1938 Kamiriithu, karibu na Limuru. Kaka yake aliingia msituni. Ndugu yake mwingine, Gitogo, alikuwa kiziwi, akapigwa risasi na askari kwa kuwa hakuisikia amri ya kusimama. Katika riwaya tunakutana na kijana kiziwi mwenye jina hilohilo, na anakufa kifo hichohicho, akikimbia nyumbani kumwangalia mama yake. Ngugi hakumfanya kuwa mhusika mkuu. Alimpa kurasa chache, kisha akamwacha mama yake aendelee kuishi ndani ya kitabu, kizee asiyesema na mtu, anayemtazama Mugo kila anapopita kana kwamba anamwona mwanawe. Tangu mapema tunaelezwa kwamba hapa kuna watu wanaotamani kuonwa, na kuna mtu anayejitahidi asione.

Mtu aliyetaka aachwe peke yake

Mugo ni yatima aliyelelewa na shangazi mlevi aliyemdharau. Akiwa mtu mzima hana mke, hana mtoto, hana rafiki. Ana jembe, kibanda na shamba. Ndoto yake ni ndogo na inaeleweka: alime, avune, asiingiliwe. Ngugi hamchori kama mtu mwovu. Anatuonyesha mtu ambaye hakupendwa, akajifunza kuishi bila kumhitaji yeyote.

Usiku mmoja Kihika anaingia kibandani mwake, akikimbia baada ya kumpiga risasi afisa wa wilaya. Anamtaka Mugo asaidie kupanga harakati za siri katika kijiji kipya, na wanapanga kukutana msituni. Kihika anaondoka akiamini amepata mwenzi. Mugo anabaki na hofu, na ndani ya hofu hiyo kuna kinyongo. Kihika ana baba, ana mama, ana ndugu. Akifa, wapo watakaomlilia. Yeye Mugo akikamatwa kwa sababu ya Kihika, nani atamlilia? Kwa nini mtu mwenye kila kitu aje kumburuta asiye na chochote kwenye vita ambavyo hakuviomba?

Hapa ndipo uchambuzi unapohitaji subira, kwa sababu ni rahisi kusema Mugo alikuwa mwoga, tukafunga kitabu. Uoga ulikuwepo, na tamaa ya zawadi iliyotangazwa na serikali ilikuwepo. Lakini mzizi ni hesabu aliyoifanya. Aliwahesabu watu wa Kihika kama mali ambayo Kihika anayo na yeye hana. Hakumwona mama atakayelia wala dada atakayebaki bila kaka. Alipokwenda ofisini kwa afisa wa kikoloni, John Thompson, na kumwambia mahali pa kumpata Kihika, hakuwa akimchukia Kihika kwa lolote alilotenda. Alitaka tu mlango wake ubaki umefungwa. Kihika akakamatwa, akateswa, akanyongwa hadharani Rung'ei, watu wakilazimishwa kutazama.

Mjeledi wa handakini

Baada ya hapo serikali inawalazimisha wanakijiji kuchimba handaki kubwa kuzunguka kijiji, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Wanachimba kwa njaa, chini ya mijeledi. Wambuku, mwanamke aliyewahi kumpenda Kihika, na ambaye sasa ana mimba, anachapwa na Homugadi mbele ya wote. Watu wanatazama chini na kuendelea kuchimba. Mugo anamwendea yule mlinzi na kuushika mjeledi.

Kwa nini yeye? Ngugi anatupa sababu kwa sentensi chache za moja kwa moja. Mjeledi ulipomwangukia Wambuku, Mugo aliusikia katika nyama ya mwili wake mwenyewe, na kilio cha mwanamke kikawa kama kinatoka kifuani mwake. Hakupima faida na hasara. Hakuwa na imani ya kisiasa iliyomsukuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ukuta kati yake na mtu mwingine ulianguka, na mkono ukaenda.

Kwa kitendo hicho anakamatwa na kupelekwa kizuizini, mwishowe kambi ya Rira. Msomaji anayeijua historia ya Kenya atasikia hapo mwangwi wa kambi ya Hola, ambako wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959, kwa maana katika riwaya nako wanakufa 11. Mugo anahojiwa na hasemi. Wenzake wanaona ni shujaa asiyevunjika. Habari zinafika Thabai, zinatungiwa nyimbo, na akirudi anakuta tayari ni mtakatifu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha Mugo kilikuwa na mshindo, ila si ule walioudhania wenzake. Hakuwa na kiapo cha kukiri, kwa sababu hakuwahi kula kiapo. Na jambo pekee ambalo angeweza kulikiri halikuwa likiulizwa na wakoloni. Ngugi anatufundisha kuwa macho hapa: umma ulichukua kimya ukakiita ujasiri kwa sababu ulihitaji shujaa. Ni kijiji hichohicho ambamo mwanakijiji mmoja, Githua, anajisifu kwamba mguu wake ulikatwa kwa risasi za Waingereza, kumbe ulipotea katika ajali ya lori. Watu waliotoka kwenye mateso makubwa wana kiu ya hadithi itakayoyapa maana, na kiu hiyo inaweza kumtukuza mtu yeyote.

Mumbi anapofungua mlango

Siku chache kabla ya Uhuru, wazee na wapiganaji wanamwomba Mugo awe msemaji mkuu katika kumbukumbu ya Kihika. Watu wanaanza kumjia kama wanavyomwendea padri. Wa kwanza ni Gikonyo, seremala aliyegeuka mfanyabiashara, anayemweleza kwamba kizuizini alikikiri kiapo ili arudi kwa mkewe, na aliporudi akamkuta mkewe ana mtoto wa mwanamume mwingine, Karanja. Gikonyo anasema hayo kwa Mugo kwa sababu anaamini anasema na mtu safi. Mugo anashindwa kumjibu, na Gikonyo anaondoka akiwa na aibu kuliko alivyokuja. Maungamo yale hayakumbadilisha yeyote kati yao, kwa kuwa yalielekezwa kwa sanamu.

Kisha anakuja Mumbi, mke wa Gikonyo na dada yake Kihika. Yeye naye anasimulia, lakini tazama anavyosimulia. Anaeleza jinsi nyumba zao zilivyochomwa moto, jinsi yeye na mama mkwe wake Wangari walivyojenga kibanda kipya kwa mikono yao, jinsi njaa ilivyowakaba wakati wa handaki. Anamtaja Karanja, rafiki wa zamani aliyejiunga na Homugadi na hatimaye akawa chifu, na chakula alicholeta wakati wa shida. Anafika mpaka siku Karanja alipomwonyesha jina la Gikonyo katika orodha ya wanaorudi. Miaka ya kungoja ikamfungukia ghafla, akacheka kwa furaha na shukrani, na katika kulegea huko likatokea lililotokea. Hajitakasi. Hamsingizii mtu. Hata Karanja hamfanyi shetani.

Mumbi ndiye mtu pekee katika riwaya anayeweza kuisema aibu yake bila kutaka alipwe kwa kuisema. Gikonyo alitaka atulizwe. Mumbi anataka Mugo ajue, basi. Na kwa kuwa anamwamini hivyo, anamfanyia Mugo jambo ambalo kambi na mijeledi havikuweza: anamfanya aone. Dada ambaye Mugo alimhesabu kama mali ya Kihika sasa ameketi mbele yake, ana sauti, ana mikono iliyojenga kibanda, ana kaka aliyenyongwa. Mugo hawezi tena kujificha nyuma ya upweke wake.

Mumbi anapomjia mara ya pili, ana ombi. Wapiganaji wanaamini aliyemsaliti Kihika ni Karanja, na wamepanga kumfichua siku ya sherehe. Mumbi hataki damu nyingine imwagike kwa ajili ya kaka yake. Yule Karanja aliyemharibia ndoa ndiye Mumbi anayetaka kumwokoa, na tayari amemwandikia ujumbe asihudhurie mkutano. Huo nao ni ujasiri, na watu wanaupita haraka. Kulilia haki ya kaka yako ni jambo ambalo kila mtu atakuunga mkono. Kukataa kisasi kwa jina la kaka huyohuyo, mbele ya kijiji kinachokidai, ni jambo unalolifanya peke yako. Usiku huo Mugo, akiwa karibu kuchanganyikiwa, anamwambia Mumbi ukweli. Mumbi anakimbia kwa hofu. Lakini hamwambii mtu. Anamwachia Mugo nafasi ya kuamua mwenyewe.

Siku ya mkutano

Uwanja umejaa. Jenerali R., mpiganaji aliyetoka msituni, anamtaka msaliti ajitokeze. Wenzake wamekwishajipanga kumnasa Karanja, ambaye yumo katika umati licha ya onyo la Mumbi. Mambo yote yamepangika kwa faida ya Mugo. Akinyamaza, Karanja atabeba mzigo, na Karanja ana makosa ya kutosha: alivaa gunia lenye matundu ya macho kichwani akawaonyesha wakoloni nani alikula kiapo, na alipokuwa chifu aliwatesa watu. Hakuna atakayemlilia.

Ni hesabu ileile ya usiku wa Kihika, ikiwa imegeuzwa. Wakati ule Mugo alijiona yeye ndiye asiye na wa kumlilia, akamtoa mtu mwenye watu wengi. Leo asiyekuwa na wa kumlilia ni Karanja. Mugo analiona jaribu hilo kwa uwazi kabisa na kulikataa, na sababu anayojipa haina uhusiano na taifa wala historia: akinyamaza, atamtazamaje Mumbi usoni?

Ndiyo maana nasema ujasiri wake ulizaliwa na huruma. Hakusimama kwa ajili ya kanuni. Alisimama kwa ajili ya uso wa mtu mmoja ambaye alimwamini. Umati haumrukii. Unanyamaza, na watu wanampisha apite. Usiku Jenerali R. na mwenzake, Luteni Koinandu, wanakuja kumchukua, naye hajitetei. Kabla ya hapo ameingia katika kibanda cha yule kizee, mama wa Gitogo, na kizee akafa akiamini mwanawe amerudi. Hata katika saa zake za mwisho za uhuru, Mugo anakuwa kitu kwa mtu aliyekuwa akimkwepa.

Huruma haifuti deni

Ngugi angeweza kutupa msamaha wa haraka. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo ukomavu wa riwaya hii ulipo. Mugo anahukumiwa. Wambui, mwanamke mzee aliyebeba siri na silaha za wapiganaji wakati wa vita, ni miongoni mwa waliomhukumu, na baadaye anaketi na shaka moyoni kama kweli walipaswa kufanya vile. Ngugi haitatui shaka hiyo. Kihika amekufa kweli, na kumhurumia msaliti wake hakumfufui. Anachokataa Ngugi ni haki inayotolewa na watu wasiojitazama wenyewe.

Gikonyo ndiye anayelielewa jambo hilo vizuri zaidi. Akiwa hospitalini, mkono umevunjika katika mbio za siku ya sherehe, anasema kwamba Mugo alikuwa mtu jasiri, na kwamba wachache katika ule mkutano walistahili kuokota jiwe la kumpiga. Maneno hayo yanamgeukia yeye mwenyewe. Yeye naye aliungama kizuizini. Miaka yote aliyomwadhibu Mumbi kwa kutomwangalia usoni, alikuwa akiikimbia aibu hiyo. Anaanza kuwaza juu ya kigoda alichotamani kukichonga zamani, zawadi ya arusi kwa Mumbi, na kwa mara ya kwanza anauliza habari za yule mtoto.

Mumbi hamrukii kwa furaha. Anamweleza kwamba yaliyopita kati yao ni makubwa mno kufutwa kwa sentensi moja, kwamba wanahitaji kukaa, kuzungumza, kufunguliana mioyo, kisha wapange pamoja maisha wanayoyataka. Huyu ndiye yule mwanamke aliyefungua mlango kwa Mugo, na sasa anauwekea mlango huo masharti. Kumhisi mwenzako hakukuondolei haki ya kuhesabiana naye. Gikonyo anakubali, na katika fikra zake anaibadilisha sura ya mwanamke atakayemchonga kwenye kigoda: atakuwa mwenye mimba.

Kenya ya baada ya sherehe

Wakati kitabu kinachapishwa, wakuu wa Kenya huru walikuwa wakihimiza watu wasamehe na kusahau. Ngugi aliona mapema hatari ya kusahau ambako hakujatanguliwa na kusema. Katika riwaya, Gikonyo na wenzake wanapanga kununua shamba la mzungu anayeondoka, wanamwendea mbunge wao awasaidie kupata mkopo, na baadaye wanagundua kwamba mbunge ameshalinunua yeye. Mbunge huyo hana siri inayomkosesha usingizi. Mugo alisaliti mtu mmoja akaungama na kulipia. Anayesaliti kijiji kizima anaendelea na safari yake, akiwa na gari na cheo, kwa kuwa hajawahi kukaa akasikiliza hata mtu mmoja wa wale anaowawakilisha.

Historia ya nchi yenyewe ilichukua muda mrefu kuufikia ukweli. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliendelea kuwa sheria ya Kenya huru hadi mwaka 2003. Serikali ya Uingereza ilikiri mateso ya kambini na kueleza masikitiko yake mwezi Juni 2013, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, baada ya wazee kwenda mahakamani London na kusimulia hadharani waliyotendewa. Simulizi hizo zilizungumzia miili yao wenyewe, mbele ya watu wageni, baada ya nusu karne ya kunyamaza. Wazee hao hawakuwa na kosa la kuungama kama Mugo, lakini walihitaji ujasiri wa aina ileile: kusema jambo ambalo umelibeba peke yako, bila kujua litapokelewaje.

Walimu wanapowapa wanafunzi kazi juu ya riwaya hii, swali la kawaida ni kama Mugo ni shujaa au msaliti. Ni swali halali, ila linamalizika haraka, kwa sababu ni vyote viwili. Lenye faida zaidi ni kuuliza nani alimsikiliza nani, lini, na kilitokea nini baadaye. Wakifuata swali hilo watagundua kwamba kila usaliti katika kitabu hiki umetanguliwa na mtu aliyejifungia, na kila kitendo cha ujasiri kimetanguliwa na mtu aliyekubali kuguswa na maumivu yasiyo yake. Watamwona Mumbi, ambaye hakubeba bunduki wala kuhutubia mkutano, akiwa katikati ya yote. Na wataelewa kwamba anayetaka familia, shule au nchi yenye watu wanaothubutu kusema ukweli, hana budi kwanza kuwa mtu ambaye ukweli huo unaweza kuambiwa.